Risasi Moja Moja

Mkuu wa kikosi alikishika kioo cha darubini kwa vidole vilevile alivyomenyea yai. Nilimwona kwa macho yangu. Lilikuwa yai la kuchemsha, na vipande vya kiini vilikuwa vimemganda kwenye kucha. Alilimeza karibu zima, akajifuta mdomo kwa kiganja, kisha akaibeba bunduki kutoka mezani na kukandamiza kidole gumba katikati ya kioo.

"Hii sasa ndiyo mashine," akasema.

Kinyaa kilinishika. Bunduki ile ilikuwa imefika siku mbili nyuma ndani ya sanduku la mbao, imepakwa grisi ya kiwandani kila mahali, nzito na ya kahawia kama makohozi ya mtu mwenye kifua kibovu. Nilikuwa nimeshinda nayo karakana siku zote mbili, mafuta ya taa huku, vitambaa kule, nikiisugua nje na ndani. Kile kioo nilikuwa nimekisafisha kwa kipande cha hariri nilichokikata kwenye gauni langu mwenyewe.

"Mkuu, mikono," nikamwambia.

"Mikono ina nini?"

"Ina yai."

Akacheka, akajipangusa kwenye suruali, akakishika tena kioo. Hana haya wala soni mtu yule, na ndiye bosi wangu.

Mimi ni fundi wa silaha wa kikosi cha wanyamapori. Ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba, na wanaume wengi wakiniona kwenye uwanja wa shabaha hudhani nimeleta chai. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba bunduki inayotoka karakana kwangu inapiga pale inapolengwa, hata ikiwa mikononi mwa mtu anayetetemeka. Ile ya siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote tulizowahi kuletewa. Risasi yake ilikuwa nene kama kidole gumba changu na ndefu kuliko kidole cha kati, na ilitengenezwa kwa ajili ya kazi moja tu, kumsimamisha mnyama mkubwa anayekujia mbio.

Mnyama mwenyewe alikuwepo. Nyati dume mwenye jeraha la mtego wa waya mguuni alikuwa amehamia kwenye mashamba ya mahindi ng'ambo ya mto. Ndani ya wiki tatu alikuwa ameua mkulima mmoja na kumpasua mwingine paja. Saa sita mchana wa siku hiyo shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alitakiwa kupanda gari na bunduki hii mpya kwenda kumfuata. Shemeji ndiye anayetangulia kikosi kikiingia kwenye majani marefu. Mwenzake, askari mrefu kama mlingoti tunayemwita Ngongoti, alikuwa kule tangu jana yake, akizuia watu wasikaribie mashamba.

Saa nne angefika mgeni rasmi kukabidhi bunduki na kupigwa picha. Kwa hiyo tulikuwa na saa mbili tu za kufunga darubini, kuilenga na kuijaribu bunduki.

Uwanja wenyewe unachefua. Si wetu, tunauazima. Banda la kupigia lina paa la bati na sakafu ya saruji iliyojaa makohozi yaliyokauka, vijiti vya meno na maganda ya karanga. Mifuko ya mchanga ya kuegemezea bunduki paka wameigeuza choo, na jua likiipiga, harufu inakuingia mpaka kwenye meno. Msimamizi wa pale tunamwita Filimbi, maana anayo shingoni saa zote na nina hakika huoga nayo. Kanuni yake ni moja, nayo imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: RISASI MOJA MOJA. Unaweka risasi moja kwa mkono, unapiga, unafungua bunduki, yeye anachungulia, ndipo unaweka nyingine. Kujaza magazini, kile kisanduku cha ndani kinachobeba risasi kadhaa, ni marufuku. Zamani mtu mmoja aliyejaza alijisahau, akageuka na bunduki mkononi kumwambia rafiki yake kitu, na risasi ikatoboa tangi la maji. Tangu hapo ukijaza unafukuzwa moja kwa moja.

Shemeji alinisaidia kubeba meza.

"Shemeji, hiyo miwani na kamba yake," akaniambia, "siku ukichelewa nyumbani tutakufunga nayo kwenye nguzo."

"Nyamaza wewe. Kwa tumbo hilo, nyati atakulamba akidhani una ndama wake humo ndani."

"Mdogo wako ndiye anayenijaza."

"Basi nitamwambia apunguze."

"Mwambie kesho," akasema. "Leo niache nishibe."

Alicheka, lakini alinyamaza haraka mno. Nilijua anaogopa. Mdogo wangu alikuwa ameniambia kwamba tangu yule mkulima auawe, mumewe anaamka kabla ya alfajiri na kukaa kwenye ngazi ya mlangoni akifunga na kufungua kamba za viatu. Sikumtania zaidi. Nilitandika turubai langu juu ya mikojo ya paka, nikaanza kazi.

Kwanza nilizikaza skrubu za darubini kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, ili isipinde. Kisha nilitoa bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, nikailaza bunduki kwenye mifuko na kuchungulia ndani ya mtutu kwa nyuma, mpaka nikaiona karatasi ya shabaha imekaa katikati ya lile duara la chuma. Nikapandisha jicho kwenye darubini bila kuitikisa bunduki. Msalaba wake ulikuwa unatazama kichuguu pembeni kabisa. Nikazungusha kitufe cha juu, nikazungusha cha pembeni, tiki, tiki, tiki, mpaka darubini na mtutu vikatazama mahali pamoja, kisha nikairudisha bolti.

Muda wote huo Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu akichokoa meno. Na alikuwa anapumua. Sijui niseme vipi ili mnielewe. Alikuwa anapumua kwa mdomo, kwa sauti, shingoni mwangu, na kila alichokipata kwenye jino alikipuliza mbele yake, yaani upande wangu.

"Mama, weka mto begani," akasema. "Teke la hiyo bunduki litakuvunja."

"Nikiweka mto, teke halitakuwa lile la kweli. Shemeji hatabeba mto kule porini."

"Haya, ukivunjika usinililie."

Nilianza na mita ishirini na tano. Filimbi akapuliza, nikavuta pumzi, nikafyatua. Teke lilinisukuma pamoja na kiti, nikalisikia mpaka kwenye fizi. Tundu lilikuwa chini kidogo na kushoto, upana wa vidole vinne. Nikazungusha vitufe, nikapiga tena, tukasogea mita hamsini. Pale nilipiga risasi tatu, moja moja, Filimbi akiinama kila mara kuchungulia chemba, pale risasi inapokaa, kama daktari wa meno. Tulipoileta karatasi, matundu yote matatu yalikuwa yamegusana. Ungeweza kuyafunika kwa kizibo cha soda.

Nakiri nilifurahi. Bega lilikuwa linawaka moto, lakini nilifurahi.

Mkuu aliipokonya karatasi mkononi mwa Filimbi, akaibusu. Aliibusu kweli, akaacha alama ya midomo yenye mafuta pembeni ya matundu yangu. Mpiga picha wa kikosi, aliyekuwa bado anatafuta kifuniko cha kamera yake, akamwomba airudie, naye akaibusu mara ya pili, na ya tatu, akigeuza shingo kutafuta mwanga. Niligeuka nikatazama ukuta.

"Hii inakwenda kwenye fremu," akasema. "Na kesho tunaweka nyingine pembeni yake. Nyati chini, bunduki juu yake, shemeji yako amechuchumaa. Huko makao makuu watatukoma."

Wao walipokuwa wanapanga fremu, mimi nilikuwa naipangusa bunduki. Kidole changu kikapita chini yake, kwenye kifuniko cha magazini, kile kibati cha chuma kilicho mbele ya kifyatuo ambacho huzuia risasi zisimwagike. Kilicheza. Karakana nilikuwa nimekifungua na kukifunga nikitoa grisi, na nilikiona kilaini, lakini nikadhani ni grisi tu. Sasa grisi haikuwepo. Nikabonyeza kitasa chake kwa kidole kidogo, polepole, maana kilicho kizima hakikubali ila kwa nguvu ya kidole gumba. Kifuniko kikafunguka na kuning'inia kama mlango wa choo cha stendi.

Nikakifunga. Nikakigonga kwa kiganja. Kikafunguka tena.

Furaha yote ikaniishia palepale.

"Mkuu, bunduki hii haitoki leo," nikasema.

"Nini tena?"

Nikamwonyesha. "Springi ya kitasa ni legevu. Magazini ikijaa, risasi nne zinakikandamiza kifuniko kutoka ndani. Ukipiga ya kwanza, teke linaweza kukifungua, na tatu zilizobaki zikaanguka chini. Mtu anabaki na gogo mkononi."

"Imepiga, haijapiga?" Alinipungia ile karatasi usoni.

"Imepiga moja moja. Nyati haji na Filimbi."

Mpiga picha alicheka, kisha akaona uso wa Mkuu, akarudi kutafuta kifuniko cha kamera yake.

"Linaweza, linaweza," Mkuu akasema. "Umeona kwa macho?"

"Sijaona kwa sababu hapa haturuhusiwi kujaza. Niruhusu nijaribu."

"Hapa hapajazwi!" Filimbi akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Basi nipeni siku mbili nibadilishe springi."

"Siku mbili! Mgeni yuko njiani, mama. Nimeshamwambia bunduki inatoka kwenye mikono yake inaingia kazini, hivyo hivyo, moto moto. Springi utaibadilisha akirudi."

"Nani akirudi?"

"Huyo," akasema, akimwonyesha shemeji kwa kijiti cha meno.

Shemeji alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, kofia mkononi, na alisikia kila neno. Alionyeshwa kwa kijiti chenye mate kama vile yeye ni kiti kinachotakiwa kuhamishwa. Mate yalinijaa mdomoni, yale yanayokuja kabla ya kutapika. Nilimfikiria mdogo wangu akiwa peke yake kwenye ile ngazi ya mlangoni.

"Mimi sisaini kadi ya bunduki hii," nikasema.

Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alitabasamu, akafungua faili alilokuwa amelibana kwapani, akatoa kadi ngumu ya kijani na kuishika mbele ya miwani yangu.

"Mbona umeshasaini?" akasema.

Hapo ndipo nilipochefuka kweli, na safari hii si kwa sababu yake.

Kila bunduki yetu ina kadi yenye mistari minane. Skrubu zimekazwa, mtutu ni safi, kifyatuo kinavutika sawa, mambo kama hayo. Mstari wa sita unasema: Magazini imejaribiwa ikiwa imejaa. Fundi aliyenitangulia ndiye aliyenifundisha kuzijaza kadi asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, kabla ya kwenda uwanjani, kwa kuwa uwanjani kuna upepo na mikono ina mafuta, na kadi zikichafuka zinarudishwa. Nilipomuuliza tutatiaje tiki kwenye mstari wa sita na uwanja wenyewe hauruhusu kujaza, aliniambia, "Ah, huo ni wa urembo. Weka tiki, uendelee." Nikaweka tiki. Miaka kumi na moja nimeweka tiki. Hakuna aliyenihonga wala kunitisha. Kwa mazoea tu, nikipuliza chai, nimeandika mara kwa mara kwamba nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya hata siku moja.

Na asubuhi ile nilikuwa nimelifanya tena. Tiki yangu ilikuwa pale mbele yangu, na mkia wake mrefu wa madaha, na saini chini yake. Nilikuwa nimekunywa chai yangu, nikaweka tiki ya mume wa mdogo wangu, nikafunika kalamu na kwenda kutafuta kofia.

"Mwandiko mzuri," Mkuu akasema, akairudisha kadi kwenye faili.

Nilimtazama yeye na kijiti chake, nikaona kwamba mimi na yeye tumekaa benchi moja, na kwamba nimekaa pale siku nyingi kuliko yeye. Nilitamani kujivua ngozi.

Sikubishana tena. Nilirudi mezani, nikawapa mgongo, nikachukua risasi nne na kuzisukuma ndani ya magazini moja juu ya nyingine. Nilikifunga kifuniko vizuri, nikakikandamiza kwa kiganja mara mbili ili asije akasema mtu kwamba nilikiacha wazi makusudi. Filimbi ana masikio ya popo. Alizisikia zikiingia.

"Wee mama! Unafanya nini hapo?"

"Rudini nyuma wote," nikasema.

"Mama, nakuonya! Toa hizo risasi!"

Akaanza kupuliza ile filimbi yake bila kupumzika, akipunga bendera nyekundu. Nilinyanyuka kwenye kiti, maana porini hakuna kiti. Nikasukuma bolti mbele, nikaweka kitako begani, nikasimama miguu ikiwa imetanuka, nikalenga tuta la udongo na kufyatua.

Teke likanirudisha nyuma hatua mbili. Masikio yalikuwa yanalia, lakini nilisikia. Ti. Ti. Ti. Kifuniko kilikuwa kinaning'inia, na risasi tatu zilikuwa zinabingirika kwenye saruji, katikati ya makohozi na maganda ya karanga. Moja ilikwenda ikasimama kwenye kiatu cha Mkuu.

Nikavuta bolti, ganda likaruka. Nikaisukuma mbele, nikafyatua tena kuelekea lile tuta. Tak. Hewa tupu.

"Hivi ndivyo angekuwa," nikasema. "Saa nane mchana, kwenye mahindi, na fimbo ya chuma."

Filimbi aliitoa filimbi mdomoni. Niliitua bunduki mezani, nikaifungua, nikaiacha wazi. Nilikuwa najua nimejifungia uwanja, na pengine nimemwaga na unga, lakini nilihisi nafuu ya mtu aliyetapika.

Mkuu aliitazama ile risasi iliyokuwa kwenye kiatu chake. Akatazama saa. Kisha akamgeukia mpiga picha.

"Kwenye gari kuna utepe mweusi wa umeme," akasema. "Ulete. Tukizungusha mara tatu hapo chini haifunguki ng'o. Na kwenye picha, mweusi juu ya mweusi, hautaonekana, au vipi?"

Mpiga picha alisema inategemea mwanga.

Nilitema mate. Nimewalaani watu wangapi kwa kutema mate kwenye sakafu ile, na siku hiyo nilitema na mimi, karibu na kiatu cha mkuu wangu wa kazi.

Shemeji ndiye aliyeinama. Aliziokota zile risasi zote tatu, akazifuta kwenye shati moja moja, akazisimamisha mezani. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Mkuu, mimi siendi na hii."

"Ni amri."

"Basi iandike. Andika kwamba umeona risasi zimeanguka, na unaniamuru niende nayo na utepe. Weka saini, mimi naenda sasa hivi."

Mkuu ni mtu asiyependa kabisa kuandika kitu ambacho jina lake litakaa chini yake. Alibonyezabonyeza kalamu yake, akaitia mfukoni.

"Haya, nenda na lile bunduki lako la zamani, potelea mbali," akasema mwishowe. "Picha tutapiga na hii. Na wewe mama, kesho saa mbili ofisini kwangu, mimi na wewe tutaelewana."

Akaondoka na mpiga picha kwenda kuchagua mahali ambapo mgeni rasmi atasimama bila kupigwa jua. Karatasi yenye matundu yangu na midomo yake ilikuwa kwapani. Nilimtazama akienda, suruali imemwingia makalioni, nikasema moyoni kwamba angalau leo mdogo wangu atapika chakula cha mumewe pia.

Nikakaa kwenye kiti. Bunduki ya zamani ya shemeji ilikuwa kwenye gari, ndani ya mfuko wake wa turubai, nami niliijua, nilikuwa nimeitengeneza kwa mikono yangu.

"Haya shemeji," nikamwambia, "tumbo limepona. Nenda kalijaze."

Hakucheka. Alikuwa bado anazitazama zile risasi tatu mezani.

"Hiyo ya zamani," akasema. "Naibeba mwaka wa nne huu. Wewe uliijaza magazini ukaipiga?"

"Mbona umeshaitumia mara nyingi tu? Umeona ina shida?"

"Nimepiga risasi moja kila mara. Mungu kanisaidia, sijahitaji ya pili." Akanigeukia. "Sikuulizi mimi nimeona nini. Nauliza wewe uliijaribu."

Ningeweza kusema chochote. Kadi yake ipo kwenye kabati, ina tiki, hakuna ambaye angenipinga.

"Hapana," nikasema.

"Na kadi yake ina tiki?"

"Ina."

Alirudi nyuma nusu hatua, kama mtu aliyekanyaga kitu. Pua ilimpanda kidogo, midomo ikakazana. Sikuhitaji kuambiwa ni nini kile. Nilikuwa nimekivaa mimi tangu asubuhi nikimtazama mtu mwingine, na sasa nilikiona kwenye uso wa mtu aliyekula kwangu, aliyeniletea dawa nilipovunjika mguu, baba wa watoto wa mdogo wangu.

"Ziko ngapi?" akauliza.

"Kubwa? Tisa. Mbili ziko karakana. Ya kwako hiyo hapo."

"Na ya Ngongoti?"

Ya Ngongoti niliisaini mwezi wa pili. Ilikuwa ya kiwanda kimoja na hii mpya, yenye kitasa cha aina hiihii, isipokuwa imetumika miaka mingi zaidi.

"Yuko kule sasa hivi, shemeji," akasema. "Yuko kwenye mahindi."

Alitoa simu, akatafuta jina, akapiga. Hakuiweka sikioni kwake. Alinishika mkono, akaiweka kwenye kiganja changu na kunikunja vidole juu yake.

"Mwambie mwenyewe," akasema.

Iliita sana. Iliita mpaka nikaanza kuomba, mimi ambaye siombi ovyo. Halafu ikapokelewa, na sauti ya Ngongoti ikaja kwa kunong'ona, yenye kicheko ndani yake.

"Mwenzangu, vipi?"

"Ni mimi. Fundi."

"Fundi! Leo nimependwa na nani! Sema polepole, mzee yuko karibu. Simwoni, ila namsikia anatafuna."

"Sikiliza. Rudi nyuma. Taratibu, mpaka kwenye gari. Panda, funga mlango."

"Kuna nini?"

"Rudi kwanza."

Nilisikia majani ya mahindi yakimkwaruza. Nilisikia pumzi zake. Filimbi alikuwa amesogea karibu, na alikuwa amevua kofia bila kuambiwa. Nilihesabu hatua za Ngongoti sikioni mpaka hesabu ikanipotea, nikaanza upya, ikanipotea tena. Kisha mlango wa gari ukafungwa.

"Haya, nimo," akasema. Hakuwa ananong'ona tena. "Umenitoa jasho, Fundi. Ni nini?"

"Bunduki yako. Kifuniko cha magazini huenda hakishiki. Ukipiga ya kwanza, nyingine zinaweza kuanguka."

"Yangu? Hapana. Hii si uliijaribu wewe? Nimeiona kadi yako. Kuna mwenzetu aliniambia niikague kabla sijaja, nikamwambia, bunduki ikitoka kwa Fundi mimi siiulizi."

Shemeji alikuwa ananitazama usoni. Sikuona pa kuyapeleka macho.

"Sikuijaribu," nikasema. "Niliweka tiki tu."

Sikumpa nafasi ya kujibu.

"Shika bunduki," nikasema. "Geuza mtutu nje ya dirisha. Halafu bonyeza kile kitasa cha chini, kwa kidole kidogo, polepole tu."

Nilisikia kiti cha gari kikilia, nikasikia akihema, kisha chuma juu ya chuma, na risasi zikimwagika kwenye sakafu ya gari. Hazikuwa na haraka. Zilianguka zote.

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari, na ningemshukuru.

"Imefunguka," akasema, na akakata simu.

Shemeji akaichukua simu mkononi mwangu, akaipangusa kwenye suruali pale nilipoishika, akatafuta jina la askari anayefuata, akanirudishia.